Hodi ya Mkono wa Chuma

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya mkono. Si mkono wangu. Yangu ninayo yote miwili, namshukuru Mungu. Huu ni mkono wa chuma, wenye bega, kiwiko na kiganja, niliouchora mwenyewe kwenye kompyuta, nikaufuta, nikauchora tena, kisha nikausimamia ukikatwa, ukichomelewa na kupakwa rangi ya chungwa katika karakana yetu. Mimi ni mhandisi mitambo na kazi yangu ni kubuni roboti za viwandani. Nikimwambia mtu hivyo kwenye sherehe, huniuliza kama zinaongea. Haziongei. Zinabeba, zinapanga, na siku mbaya zinaganda katikati ya kazi na kuniacha nikitokwa jasho mbele ya mteja.

Mkono huu uliagizwa na chama kimoja cha wakulima chenye mashine ya kukoboa mpunga Ifakara. Kazi yake ni kupokea mifuko ya mchele ikishashonwa na kuipanga juu ya chaga, mmoja juu ya mwenzake, mpaka rundo lifike usawa wa kichwa cha mtu mrefu. Wapakiaji wa mashine ile nao ni wanachama, migongo yao imechoka, na makubaliano yalikuwa kwamba mkono ubebe, wao wauendeshe. Lakini walikuwa na sharti moja: waujaribu kwanza. Wakisema hapana, unarudi Dar kwa lori lile lile.

Bosi wangu aliniita kabla ya safari. "Komba," alisema, "huo mkono ukirudi, tunaachana na habari za roboti. Tunarudi kukarabati mikanda ya viwanda vya wenzetu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwishapiga hesabu zake, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Ulikuwa mkono wangu wa kwanza kuubuni tangu bega hadi kiganja, na sasa ulikuwa umebeba na kazi ninayoipenda.

Alfajiri tuliondoka, mimi na Shabani, fundi wetu wa umeme ambaye pia ndiye dereva wa Fuso. Shabani ni Mzaramo wa Kisarawe, mtu wa maneno machache akiwa kazini na maneno yasiyokwisha akiwa nyuma ya usukani. Tulipofika Chalinze alikuwa ameshanimalizia habari za ukoo wake wote. Morogoro tulikunywa chai na chapati, tukakaza upya kamba za turubai, na tulipoingia mbugani Mikumi tukapunguza mwendo. Kundi la tembo lilikuwa likivuka barabara bila haraka yoyote. Yule mkubwa alisimama katikati ya lami, akatutazama, akapepea masikio, ndipo wengine wakapita. Shabani alizima redio kwa heshima.

Baada ya Mikumi tuliacha barabara kuu tukashika ya kusini. Kidatu, miwa ilisimama pande zote mbili, na baada ya kuvuka mto, milima ya Udzungwa ikatufuata upande wa kulia, ya kijani mpaka juu, wingu limekaa kileleni. Mimi ni mtu wa karakana, macho yangu yamezoea ukuta. Nilitoa kichwa dirishani nikawa nacheka peke yangu.

Kisawasawa tulisimama kununua ndizi. Mama aliyekuwa akiuza aliitazama Fuso yetu, akatazama na kile kitu kilichochomoza chini ya turubai.

"Mmebeba nini, wanangu?"

"Mkono, mama," nikamjibu.

"Wa nani?"

"Wa mashine ya mpunga, Ifakara."

Akafikiri kidogo. "Na mwili wake uko wapi?"

Shabani alicheka mpaka akaegemea tairi. Lile swali ningepaswa kulichukulia kwa uzito zaidi, maana siku chache baadaye nilikuwa nalo kinyume chake: mwili ninao, kiganja sijui kiko wapi.

Jioni, jua likiwa bado lina nguvu, tuliingia Ifakara. Mji ule ni wa baiskeli. Zinapita kushoto na kulia, zimebeba mpunga, mkaa, samaki, wake za watu. Mwenyekiti wa chama, Mama Yustina, alitupokea kwake karibu na mashine. Ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuongoza kwaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Poleni na safari. Kaa, kula kwanza, chuma hakichachi."

Wali uliletwa. Wasomaji wangu wa Dar, ule mchele tunaouziana mjini kwa jina la Kilombero sijui huwa umepitia wapi mpaka ukapoteza harufu yake. Huu ulinukia tangu jikoni. Uliletwa na samaki aina ya kitoga kutoka mtoni, kwenye rojo la nyanya, na kwa muda mrefu hapakuwa na mazungumzo ya uhandisi.

"Kwenu hasa ni wapi, injinia?" Mama Yustina aliuliza nilipokuwa nanawa.

"Nimekulia Dar, mama, lakini asili yetu Songea. Sisi Wangoni."

Aliweka bakuli chini. Akageukia mlangoni akapaza sauti: "Kasiani! Kasiani we! Njoo uone tulicholetewa. Wametuletea Mngoni!"

Aliingia mwanamume wa makamo, mabega kama mlango, kofia ya sufu kichwani pamoja na joto lile. Huyu ndiye alikuwa nyapara wa wapakiaji, yaani ndiye niliyekuja kumridhisha. Alinizunguka kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Zamani mlikuja na mikuki," alisema. "Leo mmekuja na mkono wa chuma. Nyie watu hamkati tamaa?"

Sisi Wangoni na Wapogoro ni watani tangu enzi za vita vya mababu. Nilijua hivyo kama mtoto wa mjini anavyojua mambo ya kwao, kwa kusikia. Nikakumbuka kwamba mtani hajibiwi kwa kununa. "Tungekuja na mikuki," nikasema, "lakini tuliambiwa Mpogoro akikosa wali siku moja anajilaza mwenyewe hospitali. Tukaona vita haina haja."

Kasiani alipiga makofi mara moja. "Huyu ni wetu," alimwambia Mama Yustina. Nililala nikiwa na furaha, nikidhani kazi imekwisha kabla ya kuanza.

Kesho yake tuliushusha mkono. Tuliufunga kwenye sakafu ya zege waliyokuwa wameiandaa, Shabani akavuta nyaya mpaka kwenye kabati la umeme, na wapakiaji wakajaa kutazama. Mtu anayetazamwa hupenda kuonyesha. Nilikuwa na jambo moja ninalojivunia kupita yote katika ubunifu ule: kiganja chake, chenye vidole virefu vya kuingia chini ya mfuko, kinatoka na kurudi kwa haraka sana ili kisafishwe. Nikawaonyesha. Bolti hizi, spana hii, kiganja hiki hapa! Watu wawili wanakibeba. Nikampa Kasiani spana ajaribu, akakitoa, akakirudisha. Nikamwachia Masanja, kijana wa Kisukuma mwenye nguvu kuliko wote, akafanya haraka zaidi yake. Niliwapongeza. Ndivyo nilivyowafundisha wanyang'anyi wangu kazi, kwa spana yangu mwenyewe.

Siku ya majaribio kinu kilinguruma tangu asubuhi, pumba zikawa hewani kama ukungu. Nilibonyeza kitufe. Honi ikalia, taa ya njano ikazunguka, na mkono ukaenda. Jamani! Ulichukua mfuko wa kwanza kama mtu anayeinua mtoto aliyelala. Wa pili, wa tatu, kona zimekaa sawa, rundo limenyooka. Kila mara mkanda unaoleta mifuko uliposimama na kuanza tena, honi ililia, mkono ukaendelea. Nilikuwa na hamu ya kumpigia bosi simu hapo hapo.

"Hongera, injinia," alisema Kasiani. "Ni kitu kizuri sana."

"Hongera," walisema wengine. Kisha mmoja mmoja wakatoka nje, wakakaa kwenye magunia matupu kivulini. Kinu kikaendelea kunguruma, mkono ukaendelea kupanga, na ndani nilibaki mimi, Shabani na pumba.

Nilimfuata Mama Yustina. "Mama, hawajaupenda?"

"Si wamekuambia ni kizuri?"

"Mbona wametoka?"

Akarekebisha kanga yake. "Kikao ni Jumamosi. Watasema watakachosema." Sura yake ilikuwa ya huruma, na huruma ndiyo iliyonitisha. Shabani alisema wamechoka tu. Mimi akilini tayari niliona Fuso ikirudi Kidatu na turubai juu ya mkono wangu, na nilijisikia vibaya, sitaki kuficha. Nilikagua kasi, nikakagua vipimo, nikakagua kila nati. Hapakuwa na kosa. Hakuna kitu kinachomsumbua mhandisi kama kushindwa pasipo kosa.

Asubuhi iliyofuata nilifika mashineni nikakuta mkono wangu umekatwa.

Ndivyo nilivyoona mara ya kwanza. Kiwiko kipo, kifundo kipo, lakini mwisho wake ni duara tupu la chuma. Bolti zilikuwa zimepangwa vizuri juu ya meza, kwa mstari. Nilipiga kelele. Mlinzi wa getini alisema hajaona kitu, huku akitazama paa. Nilimpigia Mama Yustina. Aliposikia habari, nikasikia kama mtu anayekohoa huku ameziba mdomo kwa mto wa kulalia.

"Shabani, washa gari," nikasema. "Twende polisi."

Masanja alikuwa amekaa juu ya baiskeli yake pale nje, ametulia mno. "Polisi, dada? Unaenda kumshtaki nani?"

"Mwizi!"

"Dada yangu, mtani hashtakiwi polisi. Utamchekesha mkuu wa kituo." Akashuka, akaweka mkono kifuani. "Mimi ni Msukuma, sina upande hapa. Nimetumwa nikuambie kwamba mgonjwa wako yuko Katindiuka, kwa Kasiani, anaendelea vizuri, amekula."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikakumbuka msiba wa bibi yangu, jinsi watani walivyokalia kaburi kabla halijafukiwa, wakadai walipwe kwanza, na mama yangu akilia na kucheka kwa wakati mmoja. Kiganja changu kilikuwa kimechukuliwa mateka. Hasira ilinitoka yote, nikaketi chini kwenye pumba nikacheka.

Katindiuka tulifika kwa baiskeli, mimi nikiwa nimepakiwa nyuma ya Masanja, katikati ya majaruba ya mpunga. Nyumba ya Kasiani ilikuwa imefungwa mlango. Ndani nilisikia minong'ono ya watu wengi.

"Hodi!" nikaita.

Kimya.

"Hodi!"

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Kasiani.

"Injinia."

"Hatukumwita injinia."

"Mngoni, basi."

"Mngoni mmoja au jeshi?"

"Mmoja. Hodi jamani, jua kali!"

Nilisimama pale mlangoni, mikono nimeilaza mbele kama mtoto aliyechelewa shule. Hatimaye mlango ukafunguka kidogo na kofia ya sufu ikachomoza.

"Umepiga hodi mara ngapi?"

"Tatu."

"Na kwa nini hukusukuma mlango ukaingia? Haujafungwa kwa komeo."

"Nitaingiaje nyumba ya mtu sijakaribishwa?"

"Aa," alisema Kasiani. Akageuka nyuma. "Mmesikia? Mwenyewe ana adabu. Sasa mkono wake umelelewa na nani?"

Ndani walilipuka kwa kicheko. Mlango ukafunguliwa wote. Wapakiaji wote walikuwemo, na wake zao, na katikati, juu ya mkeka, kiganja changu kimekaa kimevikwa kanga mbili kama mwali aliyewekwa ndani. Mtu amekipaka hata unga usoni, kana kwamba kina uso.

"Karibu, mtani," alisema Kasiani, na sasa sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Kaa tuongee. Jana tumeshindwa kukuambia. Mgeni ametoka mbali, amekula wali wetu, utamwambiaje usoni kwamba kitu chake hakina adabu? Mpaka upate mlango wa utani. Sikiliza. Ule mkono unatupigia honi."

"Ile ni tahadhari," nikasema. "Ili mjue unaanza."

"Najua. Lakini honi maana yake nini? Gari likikupigia honi linasema, toka, napita. Linapigia mbuzi, linapigia na mtu, sawasawa. Pale mashineni ni petu. Tunashonea mifuko pale, tunafagia pale. Wenyewe tunapigiana hodi hata tukipita na gunia mgongoni. Huyo mgeni wako anatupigia honi na hapo hapo anaingia. Hasubiri jibu. Nani atakaa chumba kimoja na mgeni wa namna hiyo?"

Katika michoro yangu yote nilikuwa nimeuliza mkono utaanza lini, utaanza kwa kasi gani, utalia vipi. Sikuwa nimeuliza nani anauruhusu kuanza. Na pale pale, nimekaa kwenye mkeka na kikombe cha uji mkononi, nilisikia ile raha ninayoijua: raha ya tatizo lililopata jina. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Jamani, hili naliweza!"

"Unaliweza, lakini kwanza faini," alisema mke wa Kasiani. "Jogoo. Tena awe amenona."

Jogoo nikamlipa, kiganja nikarudishiwa, na siku ya kuamkia Jumamosi tulifanya kazi kwa furaha ambayo sijaipata hata karakana kwetu. Honi niliing'oa, Shabani akaiweka kwenye Fuso. Nikaandika upya mwendo wa kuanzia: kila unapotaka kuanza, mkono unyooke taratibu, ukunje kifundo mara tatu, kisha usubiri. Pembeni tukafunga kitufe kikubwa cha kijani cha kuuruhusu, na Masanja akaandika juu yake kwa rangi, KARIBU. Kitufe chekundu cha kusimamisha kilikuwepo tangu mwanzo. Hicho hakikuhitaji lugha. Nikauliza, "Na asipojibiwa?" Wakanijibu wote kwa pamoja, kama ninauliza jambo la ajabu, "Si anaondoka! Hodi ya tatu ukinyamaziwa, unaenda zako." Basi nikaandika na hilo: hodi tatu, pasipo karibu, unarudi ukutani unapumzika.

Mara ya kwanza nilikosea kipimo. Mkono ulinyooka, ukakunja kifundo, na vidole vikagonga pipa tupu lililokuwa limesimama karibu. Ko, ko, ko! Kelele ya kinu haikufua dafu. Kutoka pande zote za jengo, hata wanawake waliokuwa wakipepeta nje, watu waliitika kwa mazoea: "Karibu!" Kisha wakatazamana. Kasiani alishika kiuno akacheka mpaka kofia ikaanguka. Nilitaka kusahihisha kipimo, akanizuia. "Wacha hapo hapo," alisema. "Hilo pipa ndilo mlango wake."

Jumamosi wanachama walijaa, wengine wakitokea hata Malinyi ng'ambo ya mto, wanakotoa mpunga wao. Mama Yustina alifungua kikao kwa sala, kisha akasema wapakiaji wajaribu mbele ya watu wote. Moyo wangu ulikuwa ukienda kasi kuliko mkanda. Kinu kikawashwa. Kasiani akasimama mbele ya kitufe cha kijani, mikono nyuma.

Mkono ulinyooka. Ko, ko, ko, ukasubiri. Kasiani akatazama dari. Ukapiga tena. Akajikuna shingo. Ukapiga mara ya tatu, na hata mimi niliyeandika mwendo ule nikashika kichwa. Mkono ukakunja kiwiko, ukarudi nyuma polepole, ukajilaza ukutani.

"Umeondoka!" alipiga kelele mzee mmoja wa Malinyi. "Jamani, mmemnyima mgeni karibu!"

"Mwiteni!" walisema wanawake. "Kasiani, roho mbaya hiyo, mwite!"

Kasiani akaniangalia mimi, akatabasamu, akabonyeza kitufe cha kuuamsha mkono. Ko, ko, ko. "Karibu," alisema kwa sauti kubwa, akaweka kiganja chake kipana juu ya kitufe cha kijani. Mkono ukaingia kazini. Wapakiaji wakabaki ndani wote, wamesimama pembeni yake, wakishona na kufagia. Kura haikupigwa, Mama Yustina aliuliza tu kama kuna asiyeridhika, na jibu lilikuwa vigelegele. Nililia kidogo. Nikasingizia pumba.

Jumapili tuliagwa na debe la mchele na jogoo, yule yule wa faini, ambaye kumbe hakuliwa. "Mtani hali faini ya Mngoni, anaweza kukohoa mikuki," alisema Kasiani. Masanja alinishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana, dada," akanipa mkono kwa mikono miwili. Fuso ilitoka ikiwa nyepesi, tukaimba karibu njia nzima, na Kisawasawa nilimtafuta yule mama wa ndizi nikamwambia kwamba mkono umepata mwili. Akasema alijua utapata.

Nimejifunza nini? Kwamba wale watu hawakuwa na ugomvi na chuma. Nilichoona ni woga wa mashine kilikuwa ni heshima ya nyumba yao, na wangenificha mpaka mwisho kama utani usingewapa njia ya kunisema bila kuniaibisha. Tangu hapo kila mkono ninaouchora naanza na swali lile la mlangoni, na pale karakana wenzangu wameshazoea kuniita Mama Hodi.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa bosi. Siku zote huingia ofisini kwake nikiwa tayari nazungumza. Siku hiyo nilisimama nje ya mlango ulio wazi, jogoo kwapani.

"Hodi."

Aliinua macho. "Komba? Kuna nini? Ingia."

"Hodi."

"Ingia, nimesema! Mkono umebaki au umerudi?"

"Hodi, bosi. Hii ni ya tatu."

Alinitazama, akamtazama jogoo, akaweka kalamu chini. "Haya," alisema. "Karibu."

"Ndivyo walivyoujibu," nikasema, nikaingia.